Nyayo za Laetoli na swali la mtoto wa Nkunga

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu akampa akili ya kutafuta na moyo wa kuamini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, siku za karibuni nilikuwa mgeni wa Waislamu wa Nkunga, wilayani Rungwe. Baada ya sala ya Isha tuliketi kwa ajili ya darsa, na mvua ya Tukuyu ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu hata ikatubidi kupaza sauti. Darsa yenyewe ilihusu haki za jirani. Ulipofika wakati wa maswali, mzee mmoja alisimama akiwa amemshika mkono mjukuu wake. Akasema:

“Sheikh, mjukuu wangu huyu yuko kidato cha kwanza. Katika mtihani wa historia waliulizwa habari za zamadamu na jinsi alivyoanza kutembea kwa miguu miwili. Yeye hakuandika kitu, aliirudisha karatasi nyeupe. Nilipomuuliza akaniambia kuwa ustadhi wake wa madrasa amemfundisha kwamba mwenye kuandika maneno yale amemkana Nabii Adam. Mimi imani yake imenifurahisha, lakini mama yake analia, anasema mtoto atafeli. Nimekusudia kumtoa shule, abaki na madrasa. Wewe unasemaje?”

Kabla ya kumjibu babu, nilimuuliza mtoto kama naye ana neno. Aliinamisha kichwa, kisha akasema polepole: “Sheikh, mwalimu wa shule ananipenda, na ustadhi ananipenda. Nani kati yao anasema uongo?”

Kwa hakika swali hili lilinipata moyoni. Nimesoma madrasa na nimesoma chuo kikuu, na najua jinsi linavyouma. Usiku ule nilijibu kwa ufupi, nikamuomba mzee asimtoe mjukuu wake shuleni mpaka asome jibu langu kwa ukamilifu. Naliandika hapa kwa sababu naamini swali la mtoto wa Nkunga linaulizwa pia Tanga, Kigoma, Unguja na Mombasa, katika nyumba nyingi ambazo mtoto hutoka asubuhi na daftari moja na jioni akatoka na jingine.

Kilichoonekana Laetoli

Tuanze na jambo lenyewe, kwani si uadilifu kulihukumu jambo kabla ya kulijua. Laetoli ni mahali katika eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kiasi cha kilometa 45 kusini mwa Bonde la Olduvai, ambalo wenyeji hulitamka Oldupai. Mwaka 1976, watafiti waliokuwa wakifanya kazi huko chini ya Bibi Mary Leakey walikuta alama za nyayo za wanyama katika tabaka la majivu ya volkano yaliyoganda kuwa mwamba. Zilikuwamo nyayo za tembo, twiga, vifaru, sungura na kanga. Hata matone ya mvua yalikuwa yameacha vitundu vyake juu ya majivu hayo.

Mwaka 1978 ilionekana alama ya kisigino ambacho hakikuwa cha mnyama yeyote aliyezoeleka. Walipochimba mwaka huo na uliofuata, ikafunuka njia ya nyayo kiasi cha 70, yenye urefu wa karibu mita 27. Viumbe watatu walikuwa wamepita hapo wakielekea kaskazini. Mmoja alikuwa mdogo, na pembeni yake alitembea mwingine mkubwa zaidi. Wa tatu alifuata nyuma ya yule mkubwa huku akikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake. Nyayo hizo zina kisigino kilichotangulia kugusa ardhi, zina upinde katikati ya wayo, na kidole gumba kimelala sambamba na vidole vingine kama chako na changu. Hakuna popote alama ya mkono ulioshika ardhi. Waliopita hapo walitembea wima.

Umri wa majivu hayo umepimwa kuwa miaka milioni 3.66. Wataalamu wanazihusisha nyayo hizo na viumbe waliowapa jina la kisayansi Australopithecus afarensis. Taya lililofanywa kielelezo rasmi cha jina hilo lilitoka Laetoli hiyohiyo mwaka 1974. Mwaka huohuo, kule Hadar nchini Ethiopia, yalipatikana mifupa ya kiumbe wa aina hiyo anayejulikana ulimwenguni kwa jina la Lucy.

Wala kazi hiyo haikubaki mikononi mwa wageni peke yao. Profesa Fidelis Masao na Dk. Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Italia, walitangaza mwaka 2016 kuonekana kwa nyayo nyingine katika tabaka lilelile la majivu, umbali wa mita 150 hivi kutoka zile za kwanza. Mmoja wa waliopita hapo alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimeta 165. Aidha, mwaka 2021 jopo alimokuwamo Mtanzania Profesa Charles Musiba lilizichunguza upya nyayo nyingine za Laetoli, ambazo kwa miaka mingi zilidhaniwa huenda ni za dubu. Wakahitimisha kuwa ni za kiumbe mwingine aliyetembea kwa miguu miwili, asiyekuwa wa aina ya wale wa mwaka 1978.

Miaka hiyo imehesabiwaje?

Mzee mmoja pale Nkunga alicheka aliposikia mamilioni hayo. Akauliza: “Nani alikuwa na kalenda?” Ni swali zuri, na watu wa Rungwe wana nafasi nzuri ya kulielewa jibu lake kuliko watu wengi, kwa kuwa wanaishi juu ya kazi ya volkano. Mlima Rungwe ulilipuka vikubwa takriban miaka 4,000 iliyopita, ukaifunika sehemu kubwa ya nchi hiyo kwa mawe mepesi yenye vitundu, yale yanayoweza kuelea majini. Mlima Kiejo ulimwaga ujiuji wake wa moto karibu na mwaka 1800. Mwenye kuchimba kisima au msingi wa nyumba huko anaweza kuyaona matabaka hayo kwa macho yake, moja juu ya jingine, na hakuna anayehitaji kuambiwa kuwa la chini lilitangulia kulala.

Sasa, ndani ya mawe ya volkano mna madini ya potasiamu. Sehemu ndogo ya madini hayo hugeuka kidogo kidogo, kwa kasi isiyobadilika, ikawa gesi iitwayo argoni. Jiwe linapokuwa limeyeyuka kwa moto, gesi hiyo hutoroka. Likishapoa na kuganda, gesi inayozaliwa baada ya hapo hunaswa ndani yake. Mfano wake ni pipa tupu lililowekwa chini ya bati linalodondosha maji tone kwa tone. Mtu anayejua kasi ya matone, akakuta maji yamefika kimo fulani, anaweza kusema pipa limekaa hapo kwa muda gani. Ndivyo wanavyopima. Si kalenda, lakini pia si kubahatisha.

Yupo atakayesema: “Sheikh, mifupa hiyo imeghushiwa.” Ni kweli kwamba iliwahi kughushiwa. Mwaka 1912 huko Piltdown, Uingereza, lilitangazwa fuvu lililodaiwa kuwa la mtu wa kale, na mwaka 1953 ikathibitika kuwa ni fuvu la binadamu lililounganishwa na taya la nyani mkubwa. Lakini ni nani aliyeufichua uongo huo? Ni wataalamu wa fani hiyohiyo, kwa vipimo vyao wenyewe. Si haki kuutaja udanganyifu wa Piltdown ukaacha kumtaja aliyeufichua. Na nyayo za Laetoli haziko katika sanduku la mtu. Zimo katika ardhi ya Tanzania, zimefukiwa tena kwa uangalifu ili jua, mvua na mizizi ya miti visiziharibu, na zimefunuliwa zaidi ya mara moja mbele ya wataalamu wa mataifa mbalimbali.

Je, wanasema tumetokana na kipunji?

Watoto wa Rungwe wana kiumbe wao mashuhuri. Mwaka 2003, katika misitu ya Mlima Rungwe, watafiti walimwona kima ambaye vitabu vya sayansi vilikuwa havimjui, ingawa wawindaji wenyeji walikuwa wakimtaja kwa jina la kipunji. Alitangazwa mwaka 2005. Mwaka 2006 akapewa jina la ukoo wake peke yake, Rungwecebus, kutokana na mlima huo. Ulikuwa ukoo mpya wa kwanza wa kima hai kutangazwa barani Afrika tangu mwaka 1923. Basi mtoto mmoja wa madrasa aliniuliza kama mwalimu wa shule anamaanisha kuwa babu yetu ni kipunji.

Jibu ni kwamba hapana mwanasayansi anayesema hivyo, na tukiwaambia watoto kuwa wanasema hivyo tutakuwa tumewasingizia. Wanachosema ni kuwa viumbe hai wana asili za mbali zinazokutana, kama matawi yanavyokutana kwenye shina. Kipunji ni tawi, sokwe wa Gombe na Mahale ni tawi jingine, na mwili wa mwanadamu nao, kwa kauli yao, umo katika mti huo. Hakuna tawi lililozaliwa na jingine. Ushahidi wanaoutegemea ni mifupa, mpangilio wa matabaka ya ardhi, na kufanana kwa chembe za urithi. Charles Darwin aliandika mwaka 1871 kuwa yaelekea asili ya mwanadamu itafutwe Afrika, na wakati huo hakukuwa na mfupa hata mmoja wa kale uliokuwa umepatikana hapa kumuunga mkono. Mifupa ikaja baadaye.

Imekuja hata karibu na Nkunga. Mwaka 2013 lilitangazwa kipande cha taya kutoka Bonde la Ufa la Rukwa, chenye umri wa miaka milioni 25, cha kiumbe wa kundi la sokwe wa kale kabisa wanaojulikana. Na ukishuka kutoka Tukuyu hadi Kyela, ukavuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi, utafika wilaya ya Karonga. Huko, mahali paitwapo Uraha, mwaka 1991 lilipatikana taya linalokadiriwa kuwa na miaka karibu milioni 2.4, la kundi ambalo wataalamu wanaliita kwa jina lilelile la Kilatini wanalomwita mwanadamu, yaani Homo. Kwa hiyo jambo hili si hekaya ya nchi za mbali. Limo chini ya migomba yetu.

Miguu kwanza, ubongo baadaye

Nyayo za Laetoli zilijibu swali moja kubwa. Wengi walidhani kwamba kilichotangulia ni akili: ubongo ulikua kwanza, kisha mwenye ubongo mkubwa akainuka na kusimama. Ikaonekana ni kinyume. Viumbe wale walikuwa na ubongo ulio kiasi cha theluthi ya ubongo wetu, nao walikwisha kutembea wima. Zana za mawe za kale zaidi zinazojulikana, zilizopatikana Lomekwi karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, zina miaka milioni 3.3, yaani ni za baadaye kuliko nyayo hizo. Ubongo mkubwa ulikuja baada ya hapo kwa zaidi ya miaka milioni moja.

Na kusimama wima si jambo dogo, ndugu msomaji. Tazama mwili wako mwenyewe. Tundu la fuvu linalopitisha uti wa mgongo liko chini, ili kichwa kikae juu ya shingo kama mtungi juu ya kata. Uti wa mgongo umepinda mara kadhaa, mithili ya springi ya kupokea uzito. Nyonga ni fupi na pana, kama bakuli la kubeba matumbo. Mifupa ya mapaja imeinamia ndani ili magoti yakaribiane chini ya kiwiliwili, nasi tusiyumbe kila hatua. Wayo una upinde unaonyonya mshindo wa ardhi. Vipimo vilivyofanywa vimeonyesha kuwa mwanadamu atembeapo hutumia kama robo tu ya nguvu anazotumia sokwe kwa umbali uleule. Kisha mikono ikabaki huru, ikaweza kubeba mtoto, kushika jembe, kuandika, na kuinuliwa kwa dua.

Lakini neema hiyo ina uzito wake. Maumivu ya kiuno yanayowasumbua wazee wetu yana uhusiano na mgongo unaobeba mwili mzima ukiwa wima. Na wataalamu wengi wanasema uchungu mkali wa uzazi wa mwanamke unatokana, kwa sehemu, na nyonga iliyoumbwa kwa kutembea wima, ikakutana na kichwa kikubwa cha mtoto wa binadamu. Katika Surat Luqman, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anatukumbusha udhaifu juu ya udhaifu ambao mama aliubeba kwa ajili yetu. Mwenye kuijua hesabu ya mifupa hiyo anapaswa kumhurumia mama yake zaidi, si kumuasi Mola wake.

Qur’ani nayo imegusa habari ya kutembea. Katika Surat An-Nur, aya ya 45, Mwenyezi Mungu anataja kuwa amemuumba kila mnyama kutokana na maji, na kwamba wako watambaao kwa matumbo, waendao kwa miguu miwili na waendao kwa minne. Katika Surat Al-Mulk, aya ya 22, anatuuliza ni nani aliyeongoka zaidi kati ya anayekwenda akiwa ameinamia uso wake na anayekwenda wima katika njia iliyonyooka. Aya hii ya pili ni mfano wa uongofu. Tusiigeuze kuwa somo la mifupa. Lakini haikosi maana kwamba Mola wetu alipotaka kutupigia mfano wa imani, alituonyesha mtu anayetembea wima.

Dini haihitaji kutetewa kwa uongo

Sasa nizungumze na ustadhi wa mtoto yule, na maustadhi wenzake wote, kwa heshima wanayostahiki. Najua mnafundisha kwa malipo kidogo au bila malipo, na najua nia yenu ni kulinda imani. Lakini nia njema haitoshi pale njia inapokuwa na kasoro.

Katika mwaka wa 10 wa Hijra alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (S.A.W.), na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kufa kwa mtoto wa Mtume. Lau angekuwa mtu mwingine angenyamaza, maana maneno yale yalimpandisha daraja mbele ya watu. Mtume (S.A.W.), ilhali moyo wake una msiba, alisimama akawabainishia kwamba jua na mwezi ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Hakukubali dini ya Mwenyezi Mungu ipate nguvu kwa jambo lisilo kweli, hata kwa siku moja.

Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameieleza kanuni hii mwanzoni mwa kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Alitoa mfano huohuo wa kupatwa kwa jua na mwezi, ambako wanahesabu walikuwa wamekuthibitisha kwa hoja. Akaonya kuwa anayedhani kukanusha hesabu hizo ni kuitetea dini, huyo anaidhuru dini, na madhara yake ni makubwa kuliko ya adui anayeishambulia waziwazi. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kuiona hesabu kuwa ni sahihi hataitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka dini.

Ndivyo itakavyokuwa kwa mtoto wetu. Leo tunamwambia hakuna nyayo Laetoli. Kesho atapelekwa na shule yake Ngorongoro, au atafika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam inakohifadhiwa sehemu ya urithi huo, naye ataona kwa macho yake. Siku hiyo hatasema tu kwamba ustadhi alikosea habari za Laetoli. Atajiuliza ni mangapi mengine ustadhi aliyakosea, na huenda akaiweka sala pia katika hesabu hiyo. Mwenye kubeba mzigo huo mbele ya Mwenyezi Mungu atakuwa nani?

Adam (A.S.) na yale tusiyoyashuhudia

Je, basi tumwache Nabii Adam (A.S.)? Hasha. Hapa napenda tuyapange mambo katika mafungu matatu, ili kila kitu kikae mahali pake.

Fungu la kwanza ni yanayoonekana na kupimwa: nyayo, mifupa, matabaka ya majivu na umri wake. Hayo hatuyapingi kwa aya wala kwa hadithi, kwa kuwa hakuna aya wala hadithi sahihi iliyosema hayapo. Surat Al-Ankabut, aya ya 20, inatuamrisha kutembea katika ardhi na kutazama jinsi alivyoanzisha uumbaji. Mwenye kuchimba Laetoli, ajue asijue, anatembea katika amri hiyo.

Fungu la pili ni nadharia inayoyaunganisha hayo. Wanasayansi walio wengi wanasema viumbe walibadilika hatua kwa hatua, kizazi baada ya kizazi, na kwamba mwili wa mwanadamu umo katika mfululizo huo. Katika fungu hili wataalamu husahihishana, kama tulivyoona katika habari ya nyayo zilizodhaniwa kuwa za dubu. Kusahihishana huko si udhaifu wao, ndiyo njia yao. Muislamu anaweza kuisoma nadharia hii, akaielewa sawasawa na akazipima hoja zake bila hofu.

Fungu la tatu ni ghaibu, na humo mna habari ya Adam (A.S.). Tunaamini kwamba Mwenyezi Mungu alimuumba kwa udongo, akampulizia roho, akamfundisha majina, akawaamuru malaika wamsujudie, na kwamba yeye ni baba yetu. Surat Al-Imran, aya ya 59, inamlinganisha Nabii Isa na Adam mbele ya Mwenyezi Mungu. Isa (A.S.) alizaliwa bila baba, na Adam aliumbwa bila baba wala mama. Huo ni muujiza. Muujiza haupimwi kwa potasiamu na argoni, na mwanasayansi mwadilifu hadai kuwa ana kipimo chake. Ama viumbe waliotembea juu ya ardhi kabla ya Adam, Qur’ani haikutusimulia sura zao, wala haikukana kuwapo kwao. Wafasiri wa Surat Al-Baqara, aya ya 30, wamejadiliana tangu zamani juu ya malaika walivyojua kuwa ardhini kutakuwa na umwagaji wa damu, na baadhi yao wakataja viumbe waliotangulia. Mahali ambapo wahyi umenyamaza, adabu ya mwanachuoni ni kusimama. Wanavyuoni huita jambo hilo tawaquf.

Sitawaficha kuwa Waislamu wamehitilafiana. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alivipanga viumbe katika Muqaddima yake kwa ngazi, kuanzia madini hadi mimea, wanyama na mwanadamu, na akamweka kima karibu na daraja ya binadamu, ingawa hakukusudia anayoyasema Darwin. Mwishoni mwa karne ya 19, Sheikh Hussein al-Jisr wa Tripoli, katika Lebanon ya leo, alisema tunashika dhahiri ya maandiko, lakini endapo nadharia hiyo ingethibiti kwa hoja ya kukata, isingemwondolea Mwenyezi Mungu uumbaji wake, na maandiko yangeweza kufasiriwa ipasavyo. Wapo wanaoikataa nadharia yote, na wapo wanaoipokea kwa viumbe vyote isipokuwa Adam na kizazi chake. Mimi nimesimama na hawa wa mwisho. Sioni sababu ya kupigana na nyayo za Laetoli, wala sioni ruhusa ya kumgeuza Adam kuwa hekaya. Mwenye kauli nyingine na alete hoja, lakini tusikufurishane.

Nasaha kwa wazazi na walimu

Kwa babu wa Nkunga nasema: usimtoe mjukuu wako shule. Wewe una imani, yeye anahitaji imani na elimu, na Waislamu wa Rungwe wanahitaji daktari, mwalimu na mhandisi watakaotoka miongoni mwao. Na mwanamke anayelia kwa ajili ya masomo ya mwanawe hana upungufu wa imani. Mfute machozi.

Kwa mtoto nasema: mwanangu, katika mtihani uliulizwa wataalamu wanasema nini. Andika: “Kwa mujibu wa wataalamu wa mambo ya kale,” kisha yaeleze maneno yao kwa ukamilifu na usahihi. Wanavyuoni wana kanuni mashuhuri kwamba mwenye kunukuu kauli ya mtu hahesabiwi kuwa ndiye mwenye kauli hiyo. Qur’ani yenyewe imetusimulia maneno ya Firauni. Lakini usinukuu kama kasuku. Elewa kwa nini wanasema wanayoyasema, maana usiyoyaelewa huwezi kuyakubali wala kuyakataa. Uliniuliza ni nani anayesema uongo. Hakuna. Mwalimu wako amekueleza kilichoonekana ardhini na wenzake wanavyokifasiri. Ustadhi wako amekueleza kilichoteremshwa kutoka mbinguni, akakiongezea hofu yake, na hofu hiyo ilitokana na kukupenda.

Kwa maustadhi: muulizeni mwalimu wa shule anafundisha nini kabla ya kukihukumu. Na kwa walimu wa historia, Waislamu na wasiokuwa Waislamu: mtoto mwenye imani anapouliza habari za Adam, msimcheke. Kicheko kimoja mbele ya darasa kinaweza kurudisha karatasi nyeupe kumi.

Nyayo zetu

Namalizia kwa jambo lililonijia moyoni nikiwa njiani kurudi kutoka Rungwe. Katika mji wa Madina, watu wa ukoo wa Banu Salima walikuwa wakiishi mbali na msikiti. Palipopatikana nafasi karibu na msikiti, wakataka kuhamia. Mtume (S.A.W.) aliwaambia wabaki katika makazi yao, kwani nyayo zao zinaandikwa. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim, na wafasiri huitaja wanapofika Surat Yasin, aya ya 12, inayotufahamisha kuwa waliyoyatanguliza watu na athari walizoziacha huandikwa.

Viumbe watatu walipita Laetoli katika majivu yaliyolowa mvua, kila mmoja akienda zake, wala hawakujua kuwa hatua zao zitasomwa baada ya miaka milioni tatu na zaidi. Ikiwa majivu ya mlima yameweza kutunza nyayo kiasi hicho, tushangae vipi tukiambiwa kuwa zetu zinatunzwa na Mjuzi wa yote? Katika Surat Al-Furqan, aya ya 63, waja wa Mwingi wa Rehema wamesifiwa kwa kutembea kwao ardhini kwa unyenyekevu. Kusimama wima tumepewa bure. Tunapoelekea ndipo tutakapoulizwa.

Mtoto wa Nkunga hutembea asubuhi kwenda shule na jioni kwenda madrasa, mara nyingi katika matope na ukungu. Njia zote mbili zinaandikwa, akiwa na nia safi. Mtihani mwingine utakuja mwisho wa muhula, na ninamuomba asiirudishe karatasi nyeupe.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu yenye manufaa, uilinde imani ya watoto wetu kwa ukweli, na uzithibitishe nyayo zetu katika njia iliyonyooka. Amin.

Wabillahi tawfiq.